Raundi ya tisa ya Riyadh: jinsi pambano la ngumi linavyohesabiwa na linavyopangwa

Usiku wa tarehe 18 Mei 2024, mjini Riyadh, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimpata Tyson Fury wa Uingereza kwa mkono wa kushoto katika raundi ya tisa, na kwa sekunde kadhaa lile jitu la Uingereza lilikuwa likiyumba kutoka kamba hadi kamba huku ngumi zikilifuata. Fury hakulala chini. Kamba ndizo zilizomshika, na kwa kuwa kanuni humhesabu bondia aliyezuiwa na kamba pekee kuwa ameangushwa, mwamuzi wa ulingoni aliingia kati akaanza kuhesabu. Muda mfupi baadaye kengele ikalia, Fury akarudi kwenye kona yake akiwa bado kwa miguu yake.

Mwisho wa raundi 12, jaji wa kwanza alimpa Usyk 115 kwa 112, wa pili akampa Usyk huyohuyo 114 kwa 113, na wa tatu akampa Fury 114 kwa 113. Usyk akawa bingwa wa mikanda yote minne ya uzani wa juu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu mikanda hiyo iwe minne. Bingwa wa mwisho asiyepingika, yaani mwenye mikanda yote mikuu, katika uzani huo alikuwa Lennox Lewis, mwaka 1999, wakati mikanda mikuu ilipokuwa bado inahesabiwa mitatu. Sasa chukua kalamu. Tuseme mwamuzi hakuhesabu, na majaji wakampa Usyk raundi hiyo kwa alama za kawaida tu. Fury, asiyekatwa tena alama ya kuangushwa, anaongezewa alama moja katika kila kadi ya jaji: kadi ya kwanza inakuwa 115 kwa 113 kwa Usyk, ya pili inakuwa 114 kwa 114, ya tatu inakuwa 115 kwa 113 kwa Fury. Hiyo ni sare. Fury anarudi nyumbani na mkanda wake wa WBC, mmoja wa vyama vinne vinavyotoa mikanda hiyo, Usyk anarudi na ile mitatu aliyokuja nayo, na historia ya uzani wa juu kwa miaka iliyofuata inaandikwa upya.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu ubishi mwingi wa mashabiki wa ngumi, wa nani alimshinda nani, nani bingwa wa kweli na kwa nini fulani hapigani na fulani, huchanganya maswali matatu ambayo kila moja lina kanuni zake. Swali la kwanza hujibiwa na majaji, la pili na vyama vya ngumi, la tatu na mikataba. Raundi ile moja ilipita katika yote matatu, kwa hiyo ni rahisi kuifuata.

Tuanze na majaji. Mtazamaji aliyekaa mbele ya televisheni huliona pambano kama kitu kimoja: anamkumbuka aliyeumizwa, aliyerudi nyuma, aliyemaliza kwa nguvu, kisha anatoa hukumu moja. Jaji haruhusiwi kufanya hivyo. Kwake pambano la raundi 12 ni mapambano 12 madogo yasiyojuana. Raundi ikiisha anaandika alama zake, karatasi inachukuliwa, na raundi inayofuata inaanza kama vile hakuna kilichotokea kabla yake. Mshindi wa raundi hupata 10 na aliyeshindwa hupata 9. Anayeangushwa mara moja kwa kawaida hupata 8. Raundi ya 10 kwa 10 inaruhusiwa, lakini majaji huiepuka, kwa hiyo hata raundi ambayo mabondia wametenganishwa na unywele mmoja lazima impe mtu ushindi.

Humo ndimo kunamozaliwa malalamiko mengi. Bondia anayeshinda raundi tano kwa kishindo, akimchakaza mwenzake bila kumwangusha, hupata faida ya alama tano. Mwenzake akishinda raundi saba zilizobaki kwa tofauti ya ngumi mbili safi katika kila moja, hupata faida ya alama saba na kunyanyuliwa mkono. Shabiki anasema, na kwa macho yake anasema kweli, kwamba aliyepigwa zaidi ndiye aliyeshinda. Kanuni haikumuuliza nani alipigwa zaidi usiku kucha.

Mfano mzuri ni wa tarehe 8 Machi 2024, palepale Riyadh, Joseph Parker wa New Zealand alipozichapa na Zhilei Zhang wa China. Parker aliangushwa mara mbili, katika raundi ya tatu na ya nane, na bado alishinda. Majaji wawili walimpa 115 kwa 111 na 114 kwa 112. Wa tatu aliona 113 kwa 113. Watu waliokumbuka ile miangusho miwili tu walihisi wameibiwa. Lakini hesabu iko wazi: raundi hizo mbili zilimgharimu Parker alama nne, hivyo jaji aliyempa 115 kwa 111 alikuwa amempa raundi tisa kati ya kumi zilizobaki. Hata yule aliyeona sare alimpa saba. Anayetaka kubisha matokeo hayo hana budi kutaja raundi ambazo Zhang alishinda bila kumwangusha mtu, na huko ndiko mabishano mengi huishiwa pumzi.

Majaji huongozwa na vigezo vinne: ngumi safi zilizofika, mashambulizi yenye matunda, kuutawala ulingo, na kujihami. Cha kwanza ndicho kizito. Cha pili ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote, kwa sababu watu wengi hudhani anayesonga mbele ndiye anayeshambulia. Kusonga mbele huku ukipokea ngumi za uso si mashambulizi yenye matunda; ni kumfuata mtu anayekupiga. Kwa upande mwingine, kurudi nyuma kwa ufundi bila kurusha chochote nako hakumpi mtu raundi, na mabondia wengi wazuri wamepoteza mikanda kwa kuamini kwamba kutopigwa kunatosha.

Hata hivyo watu waaminifu watatofautiana, na sababu moja ni ya kimwili kabisa. Majaji watatu hukaa pande tatu tofauti za ulingo. Ngumi ya tumbo inayorushwa wakati mgongo wa mmoja wa mabondia umemkabili jaji, huyo jaji haioni ikifika. Huona bega likisogea na kusikia mlio. Mwenzake wa upande wa pili ameiona yote. Mtazamaji wa nyumbani ana kamera ya juu, marudio ya polepole, na juu ya yote ana watangazaji wanaomwambia alichokiona. Mimi hushauri jambo moja kwa yeyote anayetaka kubishana kwa haki: tazama raundi zenye utata mara ya pili ukiwa umezima sauti, na uandike alama kabla ya kuanza raundi inayofuata. Utashangaa ni mara ngapi kadi yako itakataa kukubaliana na mdomo wako.

Takwimu za ngumi zilizofika, ambazo siku hizi hurushwa kama hoja ya mwisho, nazo zina mipaka yake. Mfumo maarufu wa CompuBox, ulioanza mwaka 1985, ni watu wawili walioketi karibu na ulingo wakibonyeza vitufe, kila mmoja akimtazama bondia wake. Wanahesabu idadi, kitufe hakijui kama ngumi ilimtikisa mtu au ilimgusa tu. Na jumla ya usiku mzima haisemi ngumi hizo ziligawanyikaje katika raundi. Bondia anaweza kumzidi mwenzake kwa ngumi 40 katika raundi mbili, kisha akazidiwa kwa ngumi tatutatu katika zile kumi zilizobaki, akashindwa vibaya.

Hayo yote hayamaanishi kwamba majaji hawakosei. Tarehe 16 Septemba 2017, Saúl "Canelo" Álvarez na Gennady Golovkin walipokutana Las Vegas, jaji mmoja alimpa Golovkin 115 kwa 113, mwingine akaona 114 kwa 114, na wa tatu akampa Canelo 118 kwa 110. Kadi mbili za kwanza zinaweza kuishi pamoja katika chumba kimoja. Ya tatu inasema Golovkin alishinda raundi mbili tu kati ya 12, na sijawahi kukutana na mtu anayeweza kuitetea raundi kwa raundi. Miaka mitano kabla ya hapo, mwezi Juni 2012, Timothy Bradley alipewa ushindi wa majaji wawili kwa mmoja dhidi ya Manny Pacquiao, watu wakapiga kelele kiasi kwamba chama cha ngumi cha WBO kilikusanya majaji watano wengine walitazame pambano kwa video. Wote watano walimpa Pacquiao. Matokeo hayakubadilika, kwa sababu maoni ya majaji wa pili si sababu ya kufuta uamuzi wa wale wa kwanza.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: majaji wakitofautiana kwa raundi mbili au tatu, hapo kuna pambano la karibu na si wizi. Artur Beterbiev na Dmitry Bivol walituonyesha jambo hilo kwa namna ambayo mtu angedhani imepangwa. Tarehe 12 Oktoba 2024 Beterbiev alishinda kwa kadi za 116 kwa 112, 115 kwa 113 na 114 kwa 114. Tarehe 22 Februari 2025 walirudiana, na Bivol akashinda kwa kadi za 116 kwa 112, 115 kwa 113 na 114 kwa 114. Namba zilezile, mkono mwingine ukanyanyuliwa. Baada ya raundi 24 hakuna anayeweza kusema kwa kiapo nani mkubwa kati yao, na ndiyo maana kilio cha pambano la tatu kilianza usiku uleule.

Turudi kwa Usyk na mikanda yake minne, kwa sababu swali la pili, la nani bingwa, lilianza kumsumbua kabla uvimbe wa uso haujashuka. Mikanda hiyo ni ya vyama vinne visivyo na mkubwa juu yao: WBA, chenye asili ya mwaka 1921, WBC cha mwaka 1963, IBF cha mwaka 1983 na WBO cha mwaka 1988. Kila kimoja kina orodha yake ya viwango, kina mpinzani wa lazima ambaye bingwa hana budi kupigana naye ndani ya muda uliowekwa, na hutoza ada inayokatwa kwenye malipo ya mabondia. Bingwa mwenye mikanda minne kwa hiyo ana wadai wanne, kila mmoja na mtu wake mkononi. Si uzembe wala woga unaofanya ubingwa usiopingika udumu miezi michache. Mfumo wenyewe haukujengwa ili uvumilie mtu mmoja kushika kila kitu.

Zamu ilikuwa ya IBF. Tarehe 1 Juni 2024, wiki mbili tu baada ya ile raundi ya tisa, Daniel Dubois wa Uingereza alimsimamisha Filip Hrgović katika raundi ya nane na kuwa bingwa wa muda wa chama hicho. Usyk alikuwa amefungwa na kipengele cha marudiano na Fury, hakuweza kupigana na wote wawili, hivyo kabla mwezi Juni haujaisha aliuachia mkanda wa IBF. Dubois akawa bingwa kamili bila kurusha ngumi ya ziada. Hapo ndipo shabiki wa kawaida hukasirika na kusema mkanda umetolewa bure. Hasira hiyo naielewa, ingawa ukitazama kwa upande wa mpinzani wa lazima, kanuni hiyohiyo ndiyo inayomzuia bingwa asijichagulie wapinzani laini mpaka uzeeni.

Matokeo yake hayakuwa bure hata kidogo. Tarehe 21 Septemba 2024, katika uwanja wa Wembley, Dubois alimwangusha Mwingereza mwenzake Anthony Joshua mara kadhaa kabla ya kummaliza katika raundi ya tano. Na hapo tunaingia katika swali la tatu, linalowatoa watu povu kuliko mengine yote: kwa nini Fury na Joshua hawakukutana walipokuwa katika ubora wao?

Jibu la haraka la vijiweni ni kwamba mmoja alimwogopa mwenzake. Mimi silikubali. Mwaka 2021 pambano lao lilikuwa limekubaliwa, kisha msuluhishi nchini Marekani akaamua kwamba Deontay Wilder alikuwa bado na haki ya kimkataba ya kupigana na Fury mara ya tatu. Fury ilimbidi ageuke. Joshua, badala ya kungoja, alipigana na mpinzani wake wa lazima, ambaye alikuwa Usyk, akashindwa kwa pointi tarehe 25 Septemba 2021 na kupoteza mikanda yake. Wiki mbili baadaye Fury alimmaliza Wilder katika raundi ya 11. Mwaka 2022 Fury alimpa Joshua mgawanyo wa 60 kwa 40, mazungumzo yakavunjika. Wembley ya 2024 ilikuwa njia nyingine ya kuwakutanisha, na Dubois akaifunga.

Ukisoma mlolongo huo utaona kwamba kila mara kilichokwama kilikuwa ni karatasi: kipengele cha marudiano, zamu ya mpinzani wa lazima, mgawanyo wa mapato, promota wa huyu na kituo cha televisheni cha yule. Pambano la Fury na Usyk lenyewe lilivunjika mwezi Machi 2023, Usyk akiwa tayari amekubali asilimia 30, na kilichowashinda ni masharti ya marudiano. Floyd Mayweather na Pacquiao walizungumzwa kwa zaidi ya miaka mitano kabla ya kukutana tarehe 2 Mei 2015, na vituo viwili vya televisheni vilivyokuwa mahasimu vililazimika kulirusha pambano kwa pamoja. Watu zaidi ya milioni 4 walilinunua, na wengi wao walilala wakilalamika kwamba limekuja likiwa limechacha.

Pande zinaposhindwa kabisa kuelewana, chama hufungua zabuni. Mwezi Januari 2022 WBC ilifungua bahasha za pambano la Fury na Dillian Whyte, na promota Frank Warren akashinda kwa dola 41,025,000. Asilimia 10 iliwekwa kando kwa ajili ya mshindi, na kilichobaki kikagawanywa 80 kwa 20 kwa faida ya bingwa. Tangu mwaka 2023 fedha za Saudi Arabia zimeurahisisha mchezo huu wa bahasha, kwa kuwa anayelipa kila mtu vizuri hupunguza sababu za kukataa, na mapromota waliokuwa hawasalimiani wakaanza kuleta mabondia wao katika usiku mmoja. Wapo wanaosema fedha hizo zinanunua pia ukimya kuhusu haki za binadamu katika nchi hiyo, na hoja hiyo haifutwi na uzuri wa mapambano.

Linabaki suala la kutabiri, ambalo kwa kweli ndilo starehe ya shabiki. Kosa kubwa hapa ni kudhani ushindi hurithiwa: huyu alimpiga yule, yule alimpiga wa tatu, basi wa tatu hana lake. Mwezi Septemba 2022 Joe Joyce alimpiga Parker kwa KO ya raundi ya 11. Mwaka 2023 Zhang alimpiga Joyce mara mbili, zote kabla ya raundi ya saba. Mwaka 2024 Parker akampiga Zhang, kwa zile kadi tulizozihesabu hapo juu. Mduara umefunga. Joyce alitembea mbele taratibu huku akikubali kupigwa ili apige, na hilo lilimchosha Parker mwenye kasi. Lakini kichwa kisichokwepa ndicho alichokihitaji Zhang, anayesimama kwa mkono wa kushoto na mwenye ngumi nzito. Naye Zhang huishiwa pumzi raundi zikisonga, na Parker alikuwa na miguu ya kumsubiri. Anayetabiri kwa kusoma rekodi pekee angekosa mapambano hayo yote.

Ukubwa wa mwili nao hupewa uzito usio wake. Terence Crawford, aliyeanza kushika ubingwa wa dunia katika uzani wa ratili 135, alipanda hadi ratili 168 kumkabili Canelo tarehe 13 Septemba 2025, na wengi waliapa kwamba angepondwa. Alishinda kwa 116 kwa 112 katika kadi moja na 115 kwa 113 katika kadi mbili. Swali lililostahili kuulizwa ni kama Canelo angeweza kumfikia mtu wa ukubwa wowote mwenye miguu na jicho kama la Crawford.

Usyk alimshinda Fury tena tarehe 21 Desemba 2024, safari hii 116 kwa 112 katika kadi zote tatu, na wa kukutana naye akabaki Dubois, ambaye sasa alikuwa na ule mkanda wa IBF ulioachwa. Wawili hao walikuwa na deni la zamani. Mwezi Agosti 2023 huko Wrocław, Poland, ngumi ya Dubois ilimlaza Usyk katika raundi ya tano. Mwamuzi akasema imepita chini ya mkanda, akampa Usyk muda wa kupumua, na katika raundi ya tisa Dubois akapigwa KO. Kwa karibu miaka miwili mashabiki walisimamisha ile picha ya bukta na konde, wakabishana kuhusu upana wa sentimita chache. Tarehe 19 Julai 2025, Wembley, ilipofika tena raundi ya tano, Usyk alimwangusha Dubois, Dubois akainuka, Usyk akamwangusha tena, na safari hii Dubois hakuinuka kwa wakati. Mikanda minne ikarudi pamoja, na majaji walikuwa wamekabidhi karatasi za raundi nne tu. Kufikia mwezi Novemba mwaka huohuo Usyk alikuwa ameuachia mkanda wa WBO, ukaenda kwa Fabio Wardley, na ubishi ukaanza upya.